Hakuwa akiaga: Tulivyozisoma vibaya siku za mwisho za ndugu yetu

Nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Kilwa Masoko kwa miaka sita sasa, na kazi kubwa ya katibu, kama wajuavyo waliowahi kuifanya, ni kuandika. Huandika mihtasari ya vikao, stakabadhi za michango, na orodha ya waliotoa ahadi na waliozitimiza. Leo naandika jambo ambalo halimo katika daftari lolote la msikiti, na sehemu yake kubwa ni kosa langu mwenyewe. Naliandika kwa kuwa naamini zipo familia nyingi zilizowahi kuumizwa kwa namna hii, na waliowaumiza walikuwa watu wema waliokuja kuwapa pole.

Mwaka mmoja katika miaka hii ya karibuni, siku za mwisho za mwezi wa Shaabani, kijana mmoja aliyekuwa akisali nasi aliuawa. Sitamtaja jina, kwa kuheshimu nyumba yake. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwenye mke na watoto wawili, na mama mzee aliyekuwa akimtegemea. Usiku wa Jumamosi, baada ya sala ya Isha, alimpakia abiria kuelekea upande wa Nangurukuru, naye hakurudi. Asubuhi wapita njia walimkuta kando ya barabara, amekwisha fariki. Pikipiki haikuonekana, na haijaonekana hadi leo. Waliomuua hawajajulikana. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Siku mbili kabla ya usiku ule, yaani Alhamisi baada ya Alasiri, alinifuata katika chumba chetu kidogo cha ofisi. Alinikabidhi shilingi elfu hamsini, sehemu iliyobaki ya ahadi yake ya mabati ya msikiti. Nikamwandikia stakabadhi, akaikunja na kuitia mfukoni. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, akasema: "Ustadh, kama kuna neno nimewahi kukukosea, unisamehe." Nikamjibu kwamba nimemsamehe, naye anisamehe. Tukapeana mikono, akaenda zake. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, wala hapana jingine.

Jioni ya maziko tulikaa mkekani msibani, wanaume wa mtaa na madereva wenzake, kila mmoja akiwa na donge kooni. Katika hali ile nikasimulia habari ya Alhamisi. Laiti ningeishia pale nilipoishia kuona. Lakini niliongeza maneno matatu yangu mwenyewe: "Kama alikuwa anaaga."

Maneno yale yalikuwa kama mlango uliofunguliwa. Dereva mwenzake akasema kwamba wiki ile ile marehemu alimlipa mwenye pikipiki hesabu ya wiki mbili za mbele, jambo ambalo madereva hawana desturi nalo. Jirani akakumbuka kwamba alimwona akimpelekea mama yake mchele, sukari na tende kwa wingi usio wa kawaida. Mwingine akasema kijiweni alikuwa mkimya siku zile, hacheki kama alivyozoeleka. Kila aliyesema alitikisiwa kichwa, na kila aliyetikisiwa kichwa alijiona ameweka jiwe lake katika ujenzi. Sikuona ubaya wowote usiku ule. Niliona ndugu wakimlilia ndugu yao.

Siku ya tatu, maneno "kama alikuwa anaaga" yalikuwa yamekuwa "alikuwa anajua." Tulipofika khitma ya siku ya saba, aliyekuwa anajua alikuwa tayari ana siri: kwani mtu hujuaje kwamba atauawa kama hana ugomvi na wauaji wake? Kabla ya arubaini, mtaani palisemwa kwamba zile fedha za kulipia wiki mbili za mbele hazikuwa za kubebea abiria. Na kwa kuwa mwenye siri hulala na mkewe, ikaanza kusemwa kwamba mke anajua. Mwanamke yule alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi alizozifaradhisha Mwenyezi Mungu, hatoki kwenda baraza lolote kujitetea. Wanawake waliokuwa wakimletea maji na chakula walianza kupungua mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nikizisikia habari hizi kama mtu asikiaye habari za wengine. Kisha siku moja mama wa marehemu akamtuma mjukuu wake aniite. Nilimkuta ameketi kizingitini, mkononi ana ukili anaousuka. Akanikaribisha, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, nasikia wewe ndiye uliyesema kwamba mwanangu alijua atakufa. Kama alijua, mbona aliwaaga ninyi asiniage mimi mama yake?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku mbili.

Nilirudi ofisini nikafungua vitabu vya stakabadhi. Nilianza na kile cha mwaka ule, nikaiona nakala ya Alhamisi. Kisha nikafungua vya nyuma. Mwaka uliotangulia, marehemu alimalizia ahadi yake siku chache kabla ya Ramadhani. Mwaka uliokuwa kabla ya huo, vilevile. Na wa kabla yake, vilevile. Stakabadhi zote nne ziliandikwa kwa mkono wangu, zote ndani ya Shaabani, nami sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kukumbukwa. Ndipo nikakumbuka pia kwamba kuombana radhi kabla ya Ramadhani ni desturi yetu watu wa pwani hii tangu kwa wazee wetu. Ukweli ni kwamba watu wengi waliniomba radhi wiki ile ile. Wao hawakufa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuwasimulia.

Nilikwenda kwa mwenye pikipiki. Akaniambia kwamba kila mwaka marehemu hulipa hesabu za mbele kabla ya mwezi mtukufu, kwa sababu mchana wa Ramadhani abiria hupungua na yeye hapendi kudaiwa akiwa amefunga. Mchele, sukari na tende vilikuwa futari ya mama yake, na mama mwenyewe alinithibitishia kwamba hajapata kuingia Ramadhani bila ya kuletewa na mwanawe. Ukimya wake kijiweni sikupata maelezo yake, wala sikuona kwamba nina haki ya kuyatafuta. Mtu anaweza kunyamaza kwa jino linalomuuma.

Ndugu wasomaji, nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Nadhani kosa letu lilianzia hapa: tulikuwa tunajua mwisho wa habari, kisha tukarudi nyuma tukiwa na mwisho huo mkononi, tukiitafutia kila siku iliyopita maana inayolingana nao. Mtu akicheka siku mbili kabla ya kuuawa, tutasema alikuwa akituachia kicheko chake. Akinyamaza, tutasema moyo wake ulijua. Akilipa deni, alikuwa anajiandaa. Asipolipa, maskini, alichukuliwa kwa ghafla. Hapana tendo ambalo tungeshindwa kulifasiri, na tafsiri inayoweza kukubali kila kitu haijatufunza kitu.

Kisha lipo lililoniumiza zaidi kama mtu aliyepita chuo cha Kiislamu. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alimtaka Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mara mbili ila wasia wake umeandikwa na uko kwake. Kulipa madeni, kutimiza ahadi, kuwaomba watu radhi, kumtazama mzazi kabla ya mwezi wa ibada: hayo yote tumeagizwa kuyafanya tukiwa wazima. Kijana yule aliyafanya, nasi tukayaona ni mambo ya ajabu yanayohitaji maelezo. Tulipaswa kujiuliza imekuwaje Muislamu kulipa deni lake kwa wakati kukaonekana ni dalili ya kutisha.

Jambo hili lilinirudisha kwenye habari kubwa zaidi ambayo wengi wetu wa kusini tunaikumbuka. Atokaye Kilwa kwenda Dar es Salaam kwa basi hupita Nangurukuru na Somanga, huvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa, hupita Ikwiriri, kisha hufika Kibiti. Kila nipitapo pale humkumbuka Azory Gwanda.

Azory alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyeandikia magazeti ya kampuni ya Mwananchi akiwa Kibiti. Miaka ya 2016 na 2017 ilikuwa migumu katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Makumi ya watu waliuawa na watu wasiojulikana, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na vitongoji pamoja na askari, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Azory ni miongoni mwa waandishi waliokuwa wakiripoti mauaji hayo. Tarehe 21 Novemba 2017 naye akatoweka, na hadi ninapoandika maneno haya hajaonekana.

Kwa maelezo ya mkewe yaliyochapishwa magazetini, siku hiyo mumewe alimfuata shambani akiwa ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser, pamoja na watu ambao mke hakuwafahamu. Alimuuliza ulipo ufunguo wa nyumba. Akamwambia kwamba amepata safari ya dharura, na kwamba atarejea kesho yake, na kama si kesho basi keshokutwa. Gari likaondoka. Mke aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa na kuvurugwa. Kesho ikapita, na keshokutwa ikapita.

Habari hizo zilipotoka katika magazeti mwezi Desemba, nilikuwa bado mwanafunzi chuoni. Sisi tuliotoka pwani ya kusini tulikusanyika bwenini kuzijadili, nami nakumbuka vizuri tulivyozijadili. Mmoja alisema: mtu aliyetekwa hawezi kupitishwa kwa mkewe, kwa hiyo alikwenda kwa hiari yake. Mwingine akasema: kuuliza ufunguo ni ishara aliyompa mkewe, ili ajue kwamba mambo si ya kawaida. Wa tatu akasema: aliyesema "kesho au keshokutwa" alijua kwamba hatarudi, ndiyo maana hakutaja siku moja. Tulikuwa vijana watano, wala hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Azory kwa macho. Hata hivyo tulitoka pale kila mmoja akiwa na hakika yake.

Leo nikiyapima maneno yale naona kwamba tuliruka swali la kwanza. Kabla ya kuuliza maneno ya mtu yana maana gani, yatupasa kuuliza kama aliyasema akiwa huru. Sheria yetu inalijua swali hilo. Wanachuoni wameliwekea mlango wake, mlango wa kulazimishwa, wakijengea juu ya aya ya 106 ya Sura an-Nahl, inayomtoa katika lawama aliyetamkishwa neno la kufru kwa nguvu hali moyo wake umetulia juu ya imani. Ikiwa neno zito kama hilo halihesabiwi kwa mwenye kulazimishwa, itakuwaje sisi tulihesabu swali la ufunguo, lililoulizwa kutoka ndani ya gari la watu wasiojulikana, kana kwamba lilisemwa sebuleni kwake wakati wa kahawa? Sisemi kwamba alilazimishwa, kwa kuwa kusema hivyo nako ni kudhani. Nasema kwamba maadamu swali hilo halijajibiwa, hatuna haki ya kumwandikia mtu hiari wala ishara.

Na tazameni thamani ya yale aliyoyaeleza mkewe. Alitaja rangi ya gari, aina yake, swali aliloulizwa, na muda aliotajiwa wa kurudi. Hakusema alihisi nini wala alidhani nini. Maelezo ya namna hiyo humsaidia mpelelezi hata baada ya miaka kumi. Mjadala wetu wa bwenini haukuwa na faida kwa yeyote. Linganisheni pia na yaliyotokea Julai 2019, pale aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alipohojiwa na BBC na akasema maneno yaliyoeleweka kuwa Azory alitoweka na kufariki. Baadaye ilielezwa kwamba maneno yake hayakueleweka alivyoyakusudia. Kwa msikilizaji wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya siku mbili. Kwa mke anayemsubiri mume, baina ya "ametoweka" na "amefariki" pana eda, pana mirathi, pana watoto wa kuambiwa baba yuko wapi. Wenzetu wa fikihi wanaijua hukumu ya mtu aliyepotea, wanaijua tofauti ya madhehebu juu yake, na wanajua jinsi ilivyo nzito. Neno moja la kudhani linaweza kuivuruga nyumba nzima.

Jirani zetu wa Kenya wamewahi kulionja hili. Dakta Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, alitoweka nyumbani kwake Koru, magharibi mwa Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, karibu na nyumbani kwake, ukiwa na jeraha la risasi kichwani na umeunguzwa moto. Walioonana naye siku zake za mwisho walisema alikuwa mwenye mawazo na wasiwasi. Pamoja na hali ya mwili ule, hapo mwanzo kulitolewa kauli kwamba huenda alijiua. Wapelelezi wa Scotland Yard walioitwa kutoka Uingereza, wakiongozwa na John Troon, walifikia uamuzi kwamba aliuawa. Zimepita tume na kesi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Tuzingatie jambo moja: wasiwasi wa mtu anayeogopa kuuawa na huzuni ya mtu anayetaka kujiua, kwa anayetazama kwa mbali, huonekana uso mmoja. Mwenye haraka ya kufasiri uso anaweza kumgeuza aliyeuawa kuwa muuaji wa nafsi yake, na kuwafungulia mlango waliomuua.

Tunaosoma Sura Yusuf kwa watoto wetu nyumbani tumepewa humo mafunzo mawili ya namna ya kusoma dalili, na yote mawili yamo katika kanzu ya Nabii Yusuf (amani iwe juu yake). Kanzu ya kwanza ililetwa kwa baba yake ikiwa na damu, na pamoja na damu ile ikaletwa tafsiri iliyokwisha tengenezwa: ameliwa na mbwa mwitu. Nabii Yaaqub (amani iwe juu yake) aliipokea kanzu lakini hakuipokea tafsiri. Aliwaambia wanawe kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo, kisha akashika subira. Hakuwa na habari za kisima, wala hakujifanya kuwa nazo.

Kanzu ya pili ilichanwa katika nyumba ya mtu mkubwa wa Misri. Pale shahidi alitangulia kuweka kanuni kabla ya nguo kutazamwa: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma, mkweli ni Yusuf. Kisha ndipo wakatazama. Kanuni ile iliweza kumhukumu Yusuf kama ilivyoweza kumsafisha, na hiyo ndiyo alama ya uadilifu wake. Mkekani kwetu hatukuwa na kanuni ya namna hiyo. Hakuna aliyeuliza: ni kitu gani tukikiona kitatuonyesha kwamba hakuwa akiaga? Kitu hicho kilikuwepo, kimefungiwa kabatini mwangu katika vitabu vinne vya stakabadhi, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Baada ya kuyasema haya, naogopa msomaji asije akaelewa kwamba namwambia anyamaze. Hapana. Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura al-Baqara, aya ya 283, kuuficha ushahidi, na akabainisha kwamba moyo wa mwenye kuuficha unaingia dhambini. Aliyeuona wasiwasi wa jirani yake kabla ya kuuawa, aliyesikia simu ya vitisho, aliyeona gari geni, ana amana ya kuifikisha. Ninachosema ni kwamba amana hufikishwa kwa mwenyewe, na hufikishwa kama ilivyo.

Katika vikao tumefunzwa kuandika kilichosemwa, na aliyekisema. Katibu akianza kuandika alichodhani kwamba mjumbe alikusudia, muhtasari hukataliwa kikao kinachofuata. Naona adabu hiyo ingefaa kuhamia katika misiba yetu ya namna hii. Andika mapema, kabla hujakaa na wengine na kumbukumbu zenu kuchanganyika. Andika siku, saa, mahali, na maneno kama yalivyotamkwa. Yapeleke kwa wenye jukumu la kupeleleza. Ukitaka kusema "nilihisi," sema wazi kwamba hiyo ni hisia. Na kabla hujaliita tendo la marehemu kuwa si la kawaida, jiulize kama uliijua kawaida yake, au ulianza kumtazama siku alipokufa. Ama kwa wafiwa, wapelekee chakula, maji na dua. Wasipokuuliza ulichokiona, usiwape. Na wakikuuliza, wape ulichokiona peke yake.

Mimi nilitimiza sehemu yangu kwa kuchelewa. Nilivichukua vitabu vile nikaenda navyo kituo cha polisi, nikamweleza askari anayeshughulikia jalada kwamba yale yanayosemwa mtaani kuhusu malipo ya marehemu yana maelezo haya, na kwamba neno la kuaga lilikuwa langu mimi. Kisha, kwa idhini ya imamu, nilisimama baada ya sala ya Isha nikawaambia waumini hivyo hivyo. Niliwasomea tarehe za stakabadhi moja baada ya nyingine. Niliwakumbusha aya ya 12 ya Sura al-Hujurat juu ya kujiepusha na dhana nyingi, nikasema kwamba wa kwanza kukumbushwa ni mimi niliyesimama. Msikiti ulikuwa kimya. Mzee mmoja akasema, "Allah atusamehe," watu wakaitikia.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirekebika. Neno likishatoka halirudi lote. Baadhi ya wanawake walirejea kwa mjane na vikapu vyao, wengine hawakurejea. Wauaji hawajapatikana, na sisi tungali tunamwomba Mwenyezi Mungu awafichue. Nimejifunza kwamba tafsiri zetu zilikuwa zimeziba pengo ambalo halikupasa kuzibwa na yeyote isipokuwa upelelezi. Mtaa ulipojiona umekwisha kuelewa kwa nini kijana yule alikufa, uliacha kuuliza nani alimuua.

Siku ile ya pili niliyoahidi nilirudi kwa mama wa marehemu na vitabu vyangu. Yeye hajui kusoma maandishi ya kizungu, ila Qur'ani anasoma, basi nikamsomea mwenyewe: Shaabani hii, na hii, na hii, na hii. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuuacha ukili wake. Kisha akasema: "Basi mwanangu hakuwa anaaga. Alikuwa anaingojea Ramadhani."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Akaniomba ile nakala ya mwisho. Nakala za stakabadhi haziruhusiwi kutolewa kitabuni, na mimi ndiye mwenye kuisimamia kanuni hiyo. Nilikwenda stesheni nikaitoa fotokopi, nikamletea. Ameiweka ndani ya msahafu wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wetu, ambariki mjane wake na watoto wake, amrudishie kila anayemsubiri aliyepotea habari zake za kweli, na atuepushe na kuzungumza tusiyoyajua. Sura Luqman inakhitimu kwa kutufahamisha kwamba nafsi haijui itafia katika ardhi gani. Kijana yule naye hakujua. Wallahu a'lam.